Risala ya Wagonjwa wa Vidonda vya Utumbo Mpana kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mei 19, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waziri wa Afya;
Waheshimiwa viongozi wa Wizara na wa Mkoa;
Madaktari na wauguzi wetu;
Ndugu wanahabari;
Wagonjwa wenzetu, wazazi na walezi;
Mabibi na mabwana:



UTANGULIZI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa hai. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali kuja kutusikiliza leo, Mei 19, siku ambayo dunia huwakumbuka watu wenye magonjwa ya uvimbe wa utumbo. Wengi wetu tuliopo ukumbini tumeamka usiku wa manane ili tumbo litulie kabla ya safari. Wengine hawakula tangu jana mchana, maana wamejifunza kwamba njia ya uhakika ya kukaa kwenye mkutano ni kuja na tumbo tupu. Wapo walioshindwa kabisa kufika, nao wametutuma tuwasemee.

Tumekuja na malalamiko na madai, lakini hoja yetu ni moja. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza, ila una dawa za kuutuliza, na mtu aliyetulizwa vizuri hukaa miaka mingi akifanya kazi, akisoma, akizaa na kulea. Kinachotuangamiza ni kutambuliwa tukiwa tumeshachelewa, kukatikiwa na dawa, na kuishi mahali ambapo shida yetu haimo kwenye hesabu za mtu yeyote. Hayo matatu yote yanarekebishika, na ndiyo sababu tumeyaleta kwako.

UGONJWA WENYEWE

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Madaktari wanauita kolaitisi ya vidonda. Ni ugonjwa sugu wa utumbo mpana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaugeukia utando wa ndani wa utumbo wa mwenyewe na kuushambulia. Utando huo unavimba, unachubuka, unatoa damu na ute. Huanzia kwenye puru, karibu kabisa na njia ya haja kubwa, kisha hupanda bila kuruka sehemu. Kwa mmoja wetu huishia hapo hapo chini, kwa mwingine hushika utumbo mpana wote. Una ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Wenye ugonjwa huo tuko nao hapa, na risala hii ni yao pia.

Si ugonjwa wa juzi. Daktari Samuel Wilks wa London aliutaja kwa jina hilo mwaka 1859. Chanzo chake kamili bado hakijapatikana, ingawa inafahamika kwamba urithi, mazingira na vijidudu vinavyoishi tumboni vyote vina mchango. Yapo pia mambo ambayo hayana ubishi. Ugonjwa huu hauambukizi, hata kwa kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Si UKIMWI. Si kurogwa. Hauletwi na pilipili wala maharage wala mawazo, japokuwa chakula fulani na msongo vinaweza kumzidishia mtu dalili. Unaweza kumpata mtu wa umri wowote, lakini mara nyingi huanza kati ya miaka 15 na 30, yaani katika miaka ya kidato, chuo, kazi ya kwanza, ndoa na mtoto wa kwanza.

Ukimzidia mtu, anakwenda haja mara 10, mara 15, hata zaidi kwa siku, mchana na usiku, na kila mara ni damu. Haja ikija haina subira; unaweza kuwa na dakika moja tu ya kukifikia choo. Ukikifikia, kinachotoka ni damu na ute kidogo, na ile hamu ya kwenda inabaki palepale. Damu inapungua, uzito unashuka, na uchovu unakuwa mzito kiasi kwamba kupanda ngazi za ghorofa moja ni kazi. Ugonjwa hauishii tumboni. Viungo vinauma, macho yanakuwa mekundu na kuuma, miguuni vinatoka vinundu, na kwa baadhi yetu hata mirija ya nyongo kwenye ini inaharibika.

Kuna kiwango ambacho ni dharura. Mtu anayepata choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, akiwa na homa, au mapigo ya moyo yanayopita 90 kwa dakika, au damu iliyoshuka sana, anatakiwa kulazwa siku hiyo hiyo. Kigezo hicho kilitolewa na madaktari Truelove na Witts wa Oxford mwaka 1955. Sehemu yake kubwa haihitaji mashine yoyote. Mhudumu wa zahanati ya kijijini mwenye kipimajoto na saa, akijua la kuuliza, anaweza kumwokoa mtu.

MALALAMIKO YETU

Kwanza: kutambuliwa tukiwa tumechelewa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Mtu anayeharisha damu katika nchi yetu huanza kutibiwa amiba. Hatuwalaumu wanaofanya hivyo. Amiba ipo, kuhara damu kwa bakteria kupo, kichocho cha tumbo kipo, kifua kikuu cha utumbo kipo, na vyote vinaweza kufanana na ugonjwa wetu. Isitoshe, daktari akikimbilia kumpa steroidi mgonjwa mwenye amiba anaweza kumuua. Tunachokilalamikia ni kwamba mzunguko huo hauna mwisho. Tunapewa metronidazoli mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tunaambiwa ni taifodi. Tunaambiwa ni bawasiri. Tunaambiwa ni vidonda vya tumbo, tunapewa dawa za kupunguza asidi ambazo haziugusi utumbo mpana. Ukihamia kituo kingine unaanza moja, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuhara damu kusikotulia baada ya matibabu na vipimo vya kawaida vya choo ni sababu ya kupewa rufaa.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani kutoka mkoani Rukwa, alizungushwa hivyo mpaka akaongezewa damu. Kijijini walishasema ana ngoma. Alipima VVU, majibu yakaonyesha hana, akarudia na majibu yakawa yale yale, wakahamia kusema karogwa. Mumewe akauza ng'ombe kumlipa mganga. Hatimaye alipata rufaa ya hospitali kubwa ya mkoa mwingine, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake, kufanyiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kuingiza kamera kwenye utumbo mpana. Aliambiwa alale gesti, anywe dawa ya kusafisha utumbo usiku, arudi asubuhi. Gesti aliyoimudu ilikuwa na choo kimoja cha ukumbini kwa vyumba vyote. Alinunua ndoo sokoni jioni ile. Usiku kucha alikaa sakafuni nje ya mlango wa choo, ndoo pembeni, akiwapisha wageni wengine kila walipobisha. Asubuhi alikwenda hospitali, kamera ikaingia, wakachukua kinyama kwenda kupima, na ugonjwa wake ukapata jina. Tunawashukuru madaktari waliompima. Tunauliza kwa nini mtu avuke yote hayo ili afike kwao.

Pili: dawa zinazokatika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Dawa yetu ya msingi inaitwa salfasalazini. Ilianzishwa na daktari wa Sweden, Bi Nanna Svartz, kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haina uhaba wa ushahidi wala haihitaji jokofu. Ugonjwa ukiwa umewaka, mtu mzima huhitaji gramu 3 hadi 4 kwa siku. Ukishatulia huendelea na gramu 2, ambazo ni vidonge 4 vya miligramu 500 kila siku, vidonge 120 kwa mwezi, ajisikie mzima au mgonjwa. Neno tulilolizoea kwenye dirisha la dawa ni "hakuna, kanunue nje." Huko nje, famasi hii inayo, ile haina. Walioko wilayani wanamtumia konda wa basi fedha awaletee kutoka Dar es Salaam. Mwenye fedha ya wiki ananunua ya wiki, na wiki ikiisha kabla hajapata nyingine, ugonjwa unarudi.

Wapo pia ambao dawa hii haiwafai. Kuna wenye mzio wa salfa. Kuna wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo linalopatikana sana katika maeneo yenye malaria, ambao salfasalazini inaweza kuwapasulia chembe za damu. Hao wanahitaji mesalazini, na wale ambao ugonjwa umeshika sehemu ya chini tu hunufaika zaidi na dawa inayowekwa kwa njia ya haja kubwa. Kwa wengi wetu, dawa hizo tumezisoma tu.

Kinachopatikana kila duka ni prednisoloni. Mheshimiwa, hatuitukani dawa hii. Imeokoa maisha ya watu waliomo ukumbini humu, na nafuu yake huonekana ndani ya siku chache. Lakini ni dawa ya kuzimia moto, haijengi nyumba. Inatakiwa itumike kwa wiki kadhaa, ipunguzwe taratibu, iachwe, na dawa nyingine ishike zamu. Sisi, kwa kukosa hiyo nyingine, tunainunua wenyewe na kuimeza miezi na miaka. Uso unaumuka mpaka ndugu wanakupita njiani. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika, mtoto wa jicho anaingia. Tunaye kijana hapa ambaye bado hajaoa na anatembea ameshika nyonga, mfupa wake umekufa kwa sababu ya dawa hiyo. Na anayeiacha ghafla kwa kukosa fedha anaweza kuzimia na kufa, kwa kuwa tezi zake zilishaacha kutengeneza homoni iliyokuwa ikitoka kwenye kidonge.

Ipo azathioprini, ambayo si dawa ngeni, lakini inataka kipimo cha damu mara kwa mara, na kipimo hicho nacho kinalipiwa. Zipo dawa za kisasa za kudunga, kama infliksimabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa wetu mwaka 2005. Hutolewa kwa dripu: ya kwanza, ya pili baada ya wiki 2, ya tatu wiki ya 6, kisha kila baada ya wiki 8. Hutakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na mgonjwa lazima achunguzwe kifua kikuu kwanza. Hayo yote hospitali zetu za kanda zinayaweza, kwani chanjo za watoto zinatunzwa kwa baridi hiyo hiyo na uchunguzi wa kifua kikuu tunaufanya kila siku. Kati yetu, waliowahi kuonja dawa hizi ni waliojilipia au kuchangiwa na ukoo mzima.

Wanawake wana jambo lao. Wengi wakishika mimba huambiwa na watu, na wakati mwingine na wahudumu, waache dawa zote wasimdhuru mtoto. Ukweli ni kwamba dawa zetu nyingi za kudumu zinaweza kuendelea wakati wa ujauzito chini ya uangalizi, na kinachomhatarisha mtoto zaidi ni ugonjwa wa mama kuwaka. Wapo mama zetu waliopoteza mimba baada ya kutii ushauri wa kuacha dawa.

Tatu: upasuaji na maisha baada yake

Dawa zikishindwa, au utumbo ukitanuka na kukaribia kupasuka, daktari huutoa utumbo mpana wote. Mwisho wa utumbo mwembamba hutokezwa tumboni, na kinyesi hupokelewa kwenye mfuko unaobandikwa juu ya ngozi. Upasuaji huu unaokoa maisha, na waliofanyiwa tunawaona wakicheza mpira na kubeba watoto wao. Shida ni mfuko. Majimaji ya utumbo mwembamba yana vimeng'enya vinavyoichoma ngozi ikiwa mfuko haukukaa sawasawa. Wenzetu wakiishiwa, hufunga mfuko wa nailoni kwa plasta, ngozi ikachunika mpaka ikawa nyama tupu. Mama mmoja alitueleza kwamba hujilaza chali mchana kutwa siku za namna hiyo, kitambaa tumboni, akikibadilisha na kukifua, huku biashara yake ya genge imefungwa. Aliruhusiwa kutoka wodini bila muuguzi yeyote kumwonyesha namna ya kukata tundu la mfuko lilingane na mwili wake. Upo upasuaji unaotengeneza kifuko cha ndani kwa utumbo mwembamba ili mtu aende haja kwa njia yake ya kawaida. Ulielezwa na Parks na Nicholls wa London mwaka 1978, na vijana wetu wanauliza lini watafikiwa.

Tena, mtu aliyeishi na ugonjwa huu kwa miaka 8 au zaidi, hasa ukiwa umeshika sehemu kubwa ya utumbo, ana hatari kubwa kuliko wengine ya kupata saratani ya utumbo mpana. Anatakiwa kurudi kwenye kamera kwa ratiba, hata akiwa hana dalili. Sisi tunarudi damu ikirudi.

Nne: choo na safari

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kampeni ya Nyumba ni Choo imefanya kazi kubwa katika taifa hili. Lakini shida yetu huanza tukitoka nyumbani: sisi tunaishi tukikijua kila choo kati ya nyumbani na kazini, kilicho wazi saa ngapi, kinacholipiwa na kisicholipiwa. Tukiwa na sarafu ya choo mfukoni tuna amani, tukiikosa hatutoki.

Safari ya mkoani ndiyo mtihani mkubwa. Basi likiwa limeshika njia, mgonjwa anamwendea konda na kumnong'oneza. Konda anajibu kwa sauti ya basi zima kwamba kuchimba dawa ni mpaka kituo kinachofuata. Anamwendea dereva, dereva anasema yuko nyuma ya ratiba. Binti yetu mmoja, mwanafunzi wa chuo, alijibiwa hayo akiwa amevaa sketi ya rangi ya krimu. Basi liliposimama dakika arobaini baadaye hakuinuka. Abiria walishuka wakanunua mahindi, wakarudi, yeye ameketi vilevile, kanga ya mama wa kiti cha jirani imefunika mapaja yake. Mama yule hakuuliza kitu. Alimfunga kanga kiunoni walipofika na akamwachia. Binti huyo alikaa nyumbani muhula mzima.

Hili si jambo lisilo na mfano duniani. Jimbo la Illinois nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2005 inayoyataka maduka kumruhusu mwenye ugonjwa kama wetu kutumia choo cha wafanyakazi. Haikuwagharimu kujenga kitu chochote kipya.

Tano: kazi, shule, nyumba na ibada

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na kwa sababu ya VVU. Maradhi sugu kama yetu haikuyataja, na ugonjwa unaowaka na kutulia haumpi mtu cheti cha ulemavu. Kwa hiyo msimamizi anayehesabu mara ngapi umekwenda chooni hana sheria anayoiogopa. Wengi wetu hatuna mwajiri kabisa. Tunauza, tunashona, tunaendesha bodaboda, na siku tusiyotoka hatuli.

Shuleni, mtoto anayeomba ruhusa kila baada ya dakika kumi anaitwa mtoro. Kwenye chumba cha mtihani wa taifa anayetoka mara nyingi anatiliwa shaka. Tunao waliofeli si kwa kukosa akili, bali kwa kutumia theluthi ya muda wa karatasi njiani kwenda na kurudi chooni.

Nyumbani hali ni nzito zaidi kwa sababu haisemwi. Mila zetu hazizungumzi habari za haja kubwa mbele ya wakwe, wala mwanamume hamwambii mwenzake kwamba amejichafua. Ndoa zimevunjika kwa ukimya. Msikitini na kanisani tunakaa safu ya mwisho karibu na mlango. Tunawashukuru masheikh waliotufahamisha kwamba mwenye udhuru ana hukumu yake katika udhu na katika funga, na wachungaji na mapadri waliowaambia waumini wasitutazame tunapotoka katikati ya ibada.

MADAI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba dawa ya maisha inaweza kumfikia mtu wa kijijini mwezi hadi mwezi. Dawa za kufubaza VVU zinafika, na mwenye kadi ya kliniki anajua tarehe yake. Hatuombi jambo ambalo Serikali haijawahi kulifanya. Tunadai yafuatayo:

1. Wizara itoe mwongozo mfupi kwa zahanati na vituo vya afya: mtu anayeharisha damu kwa zaidi ya wiki 4, au ambaye hakupata nafuu baada ya tiba moja kamili ya amiba na bakteria, apewe rufaa. Mwongozo huo ueleze na dalili za dharura.

2. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na kolonoskopi inayofanya kazi na mtaalamu wa kuitumia, na mgonjwa anayetoka mbali apewe kitanda na choo usiku wa maandalizi.

3. Bohari ya Dawa ihakikishe salfasalazini haikosekani, pamoja na kidonge cha foliki asidi kinachoambatana nayo, na iingize mesalazini ya kumeza na ya kuwekwa kwa njia ya haja kubwa.

4. Mgonjwa aliyetulia apewe dawa za miezi mitatu kwa mara moja, badala ya kupanga foleni kila mwezi.

5. Kifurushi cha bima kinachotokana na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kitaje ugonjwa wetu waziwazi: kolonoskopi, dawa za kudumu, vipimo vya damu vya ufuatiliaji, upasuaji na mifuko ya tumboni.

6. Dawa za kisasa za kudunga zinunuliwe kwa pamoja kupitia Serikali, zikiwemo zile nakala zilizothibitishwa ambazo bei yake ni nafuu, na zitolewe katika hospitali za kanda kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida zimewashinda.

7. Wauguzi wa wodi za upasuaji wafundishwe kumhudumia mtu mwenye mfuko wa tumboni, na mifuko hiyo isamehewe kodi.

8. Serikali ianzishe daftari la taifa la wagonjwa wa uvimbe wa utumbo. Sisi tulio hapa hatujawahi kuandikwa popote, na asiyeandikwa hatengewi bajeti.

9. Kitolewe kitambulisho cha mgonjwa kinachoheshimiwa na mamlaka ya usafiri wa ardhini, halmashauri na wenye maduka, ili mwenye nacho asimamishiwe basi mahali salama na afunguliwe choo bila kuulizwa maswali.

10. Sheria ya ajira iyataje maradhi sugu miongoni mwa sababu ambazo mtu habaguliwi kwazo, na Baraza la Mitihani liwape watahiniwa wetu muda wa ziada na kiti karibu na mlango.

AHADI YETU

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hatukuja kudai na kukunja mikono. Tuko tayari kusimama mbele ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi tueleze ugonjwa huu kwa midomo yetu, pamoja na yale tunayoona aibu kuyasema. Tuko tayari kukaa na wataalamu wa Wizara kuandika ule mwongozo, kusambaza elimu shuleni, misikitini na makanisani, na kumpokea kila mgonjwa mpya ili asikae peke yake kama tulivyokaa sisi. Tunaahidi kumeza dawa zetu kwa utaratibu, mradi ziwepo.

HITIMISHO

Tunawashukuru madaktari wachache wa magonjwa ya tumbo na ini waliotupigania, wauguzi waliotubadilishia shuka bila kukunja uso, na ndugu waliouza mali ili tuishi.

Kwa walioko nje ya ukumbi watakaoisikia risala hii: ukiona damu kwenye choo na haikomi, usiionee aibu na usiridhike na jibu la kwanza. Rudi hospitali, sema wazi, omba rufaa.

Kwako Mheshimiwa Waziri, tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai kati ya haya kumi, yakionyesha nani atalitekeleza na lini, kabla ya Mei 19 ya mwaka ujao. Watoto wetu wanaougua sasa hivi wakidhaniwa wana amiba hawawezi kusubiri zaidi ya hapo.

Mungu akubariki, Mungu ibariki Tanzania.

Tunaomba kuwasilisha.